Paa la Upande wa Mbele

Panda, Likasi
Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024

Kwako Papa mpendwa, huko Kapolowe, kwa mkono wa yaya Angèle, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, papa, na natumaini barua hii inakukuta umekaa nje kwenye kiti, si umelala kitandani. Nasoro dereva alituambia juzi kwamba alikuona unatembea mwenyewe mpaka kwenye mihogo na kurudi, bila fimbo, na kwamba ulimgombeza kwa sababu aliegesha gari lake juu ya maharagwe ya yaya. Tulicheka sana hapa nyumbani. Tulisema, kama papa ameanza tena kugombeza watu, basi amepona kweli. Je, kifua kimetulia? Usingizi unakuja? Chumvi bado umekatazwa, ao yaya amekuhurumia? Sisi huku hatujambo. Carmel mke wangu anakusalimu, na watoto pia. Merdi amemaliza darasa la sita na hataki mtu yeyote aone karatasi yake kabla yako. Joto limeanza kupanda, vumbi ni lile lile, umeme unakuja na kuondoka.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Wewe mwenyewe husema kwamba maneno ya simu yanaisha pamoja na mayunite, salio likikatika. Lakini hiyo si sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba kwenye simu ungenikatiza, ungeanza kunishukuru tena, nami ningejibu ndiyo papa, asante papa, na mambo yangeishia hapo, kama yalivyoishia mara nne tangu mwezi wa tano. Kwa hiyo nimefunga mlango wa ofisi ya shule ninapofanya kazi. Leo hakuna mwalimu wala mwanafunzi, niko peke yangu na mafaili, na kuna jambo lazima ulijue kabla ya Jumapili ile uliyoipanga.

Na wewe, yaya Angèle, unayemsomea papa kwa sauti kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi, nakuomba usome yote. Usiruke mstari hata mmoja kwa kunihurumia mimi wala kwa kumhurumia yeye. Kuna mahali utataka kusimama. Endelea tu.

Papa, barua yako ya mwisho Nasoro aliniletea shuleni, mbele ya walimu. Niliifungua palepale, mjinga mimi, nikidhani ni salamu. Umesema kwamba Jumamosi tarehe 28 utarudi Panda, na Jumapili baada ya misa, mbele ya watu wa shirika letu la kanisani na ndugu zako watakaotoka Bukama, utaniwekea mkono kichwani na kunipa nafasi yako: niwe msemaji wa familia, nikae kwenye kiti chako watu wakikutana, nishike karatasi za lupango, kiwanja chetu. Kisha umetoa sababu, na yaya ameiandika kama ulivyoitamka: “Mutoto mwanamuke alinipatia dawa, lakini mutoto mwanaume alinipatia nyumba.” Walimu waliona uso wangu wakafikiri nimefiwa. Niliwaambia ni habari njema. Kisha nilienda nyuma ya vyoo vya shule nikasimama huko mpaka kengele ikalia.

Unakumbuka mwezi wa kwanza, mvua ilipoanza kuingia juu ya kitanda chako. Mwanzoni tone moja, kisha matatu, mpaka Carmel akaweka beseni juu ya godoro, nawe ukawa unalala umejikunja kulikwepa. Ulikuwa tayari unakohoa, miguu imevimba, lakini kichwa kilikuwa kizima. Uliniita ukanipa maagizo kama unayemtuma msaidizi wako kazini. Miaka ishirini na tisa ulipanda juu ya nyumba za kambi hii ya wafanyakazi kupiga mapaa kwa ajili ya kampuni, na paa letu ulilipiga mwenyewe, kwa mabati mazito ya zamani ambayo leo ni shida kuyapata madukani. Ulisema tusibadilishe. Ulisema yaliyoliwa ni mabati manne tu, ya upande wa nyuma, juu ya chumba chako, yatolewe hayo tuweke mengine, misumari yote ya upande huo ing'olewe tupige mipya yenye mpira, na nyumba itaenda miaka mingine kumi na tano. Ulinionyesha hata namna ya kupima mbao: bonyeza kwa kidole gumba, kikizama ubao umekufa, kisipozama uuache.

Mimi nilitaka kubadilisha lote. Nilikuambia kuweka viraka ni kujidanganya, tutapanda juu kila mwaka, majirani wote wanafunika upya kwa mabati ya rangi. Wewe ukaniuliza kama ninataka paa ao ninataka rangi. Tulibishana siku mbili, ukachoka, ukageukia ukuta. Yaya alipopata habari alituma mifuko mitano ya mahindi kwa gari la Nasoro, na maneno yake yalikuwa wazi: yauzwe, na kabla ya kitu kingine chochote pafunikwe juu ya kitanda cha papa. Niliuza mifuko yote mitano wiki ile ile.

Hapa lazima nizungumze juu ya kazi yangu katika shirika, maana ubaya wangu ulianzia huko. Mnajua kwamba mimi ndiye ninayeongoza kamati ya kilio. Mtu akifa katika mitaa yetu, mimi ndiye ninayeitwa kutafuta turubai na viti, kupanga watu wa kulala pale, kusoma majina ya waliochangia. Mnaniambia ninaifanya vizuri, na nilipenda kuambiwa hivyo. Lakini kazi hii imenizoeza kuona nyumba za watu siku ambapo haziwezi kujificha. Vyombo vyote vimetolewa, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka katika chumba cha mbele, wanaume wako nje kuzunguka moto, na kila anayeingia, kabla hata ya kulia, anainua macho kutazama dari na paa. Usidhani hawatazami. Mimi mwenyewe hutazama.

Mwezi wa pili tulikuwa na kilio cha mzee mmoja aliyekuwa kinyozi, hapo chini karibu na reli. Siku ya pili, saa nane mchana, mvua ikapiga na paa likavuja juu ya wanawake. Wakawa wanahamisha mikeka huku na kule katikati ya nyimbo, mjane akalowa mgongo. Ndugu za marehemu hawakusema kitu siku ile. Walingoja siku ya kumaliza kilio, wakamwita mtoto mkubwa wa marehemu asimame mbele ya wote, wakamuuliza baba yake alikuwa analala katika nyumba ya namna gani, wakamtoza mbuzi wawili na blanketi. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na daftari langu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, papa, akitazama viatu vyake. Nikawafikiria ndugu zako wa Bukama, ambao hawajawahi kunipenda, nikasema moyoni: mimi, hapana.

Siku tatu baadaye mwuguzi wa mtaa wetu alikuja kukupima. Alinivuta pembeni karibu na bomba akaniambia moyo umechoka, kifua kimejaa maji, afadhali tujiandae. Akaongeza kwamba hospitalini wanaweza kujaribu kuyatoa maji hayo. Alisema maneno mawili, na mimi nikaondoka na lile la kwanza peke yake.

Mengine uliyaona kutoka kwenye godoro. Nilikuhamisha kutoka chumba chako cha nyuma nikakulaza katika chumba cha mbele. Nilitoa meza, nikatoa kabati na viti vyote, nikakuambia ni kwa ajili ya vumbi la mafundi na ili upate hewa. Ulinishukuru kwa hewa. Doudou, fundi uliyemfundisha wewe, akaja na watu wake wawili, wakafanya kazi siku tatu juu ya kichwa chako, na kila ulipoamka uliniuliza wamefika wapi, nami nikakujibu wanaendelea vizuri. Siku ya nne yaya alifika na Nasoro bila kututangulizia habari. Aliingia, akaona chumba kitupu na baba yake amelazwa chini katikati, akaniuliza viti viko wapi. Nilimwambia viko kwa jirani kwa sababu ya vumbi. Yaya akasema anakuchukua leo, anakupeleka hospitali ya misioni huko kwake, na kama ninataka kumzuia nimzuie.

Tulikubeba mimi na Nasoro. Tulipofika nje mbele ya nyumba uliomba tusimame, ukainua kichwa, ukaona upande wa mbele wote umefunikwa upya, mabati yanang'aa, na paa limetokeza mita mbili zaidi juu ya baraza. Ulilia. Sikuwahi kukuona unalia, hata tulipomzika mama. Ulinishika mkono ukasema:

“Mutoto yangu, kumbe ulinionaka.”

Nami nikajibu: “Ndiyo, papa.”

Tangu siku ile nimekuwa mtoto mzuri wa Panda nzima. Ulipotolewa maji, ulipoanza kula, ulipoanza kusimama, kila mtu aliyetoka Kapolowe alileta habari kwamba mzee anasifu paa lake. Padri alinitaja katika mahubiri. Wanawake wa shirika wanawaambia waume zao wamtazame Joachim. Ninaitikia, ninainamisha kichwa, wananiona mnyenyekevu. Aibu imenishika mpaka sipendi tena kupita mbele ya nyumba yetu wenyewe, napita kwenye kichochoro cha nyuma.

Papa, sasa nisikilize.

Asubuhi ile Doudou alipokuja, alipanda kwanza kupima, kama ulivyomfundisha. Alishuka akaniambia mzee ana haki: ni mabati manne ya nyuma, upande wa mbele ni mzima, umechakaa sura tu. Nilimwambia afunike mbele. Alidhani hajasikia vizuri. Nikarudia: mbele, upande unaotazama barabara, na aongeze paa juu ya baraza ili watu wengi wakae bila kunyeshewa. Mahindi ya yaya hayakutosha kununua mabati mazito ya upande mzima, kwa hiyo nilichukua yale membamba, yanayopinda ukiyashika kwa mikono miwili. Doudou alivua kofia yake. Dirisha lilikuwa wazi na wewe ulikuwa ndani, akanisogelea akaniuliza polepole:

“Papa Joachim, miye nafunika nyumba, ao nafunika kilio?”

Nilimwambia aanze kazi, na alinielewa, maana hakuniuliza kitu kingine siku zote tatu.

Nilifunika kilio, papa. Kilio chako. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu mahali pa kuweka viti. Turubai nilikuwa nimeliagiza. Chumba kile nilikitoa vyombo si kwa ajili ya hewa, nilikitoa kwa ajili ya mikeka ya wanawake, na wewe nilikulaza mahali ambapo jeneza lingekaa, kwa sababu nilifikiri hakuna haja ya kuhamisha vitu mara mbili. Mwuguzi alisema hospitali, na mimi nilikuwa na pesa ya mahindi mikononi ambayo ingekupeleka hospitalini na bado ikafunika juu ya kitanda chako. Sikuona kitanda chako. Niliwaona ndugu zako wa Bukama wakiinua macho.

Mabati uliyoyapiga mwenyewe, yale mazito ya upande wa mbele, yalikuwa mazima. Niliyauza kwa mtu wa Kambove siku hiyo hiyo.

Na upande wa nyuma sikuugusa. Hakuna msumari hata mmoja uliopigwa huko. Chumba chako kinavuja leo kama kilivyovuja ulipokiacha, ila ni vibaya zaidi, kwa sababu mvua zote za mwezi wa tatu na wa nne ziliingia humo bila mtu kuweka beseni. Kiangazi kimenisaidia kudanganya. Kila aliyekuja kutazama alisimama barabarani, akaona kinachong'aa, akaenda zake. Wewe peke yako ungezunguka nyuma ya nyumba, na wewe ulikuwa Kapolowe ukinisifu.

Utauliza kwa nini basi sikutengeneza kimya kimya kabla hujarudi. Nilitaka kufanya hivyo, na usinifikirie bora kuliko nilivyo. Mwezi wa nane niliuza pikipiki yangu, nikanunua mabati mazito, mpaka leo yameegemezwa ukutani nyuma ya jiko. Doudou alikuwa aanze Jumatatu. Carmel, ambaye anajua yote tangu mwanzo na hajanitazama vizuri tangu mwezi wa pili, alisema tufunike, tunyamaze, mzee amepona, kwa nini kumuumiza. Hata yeye nilimwona ana haki. Ndipo barua yako ikafika. Niliisoma mara ya pili nyumbani, nikatazama maandishi, nikaona ni mkono wa yaya. Nilimwambia Doudou angoje. Ninajijua, papa. Nikikwisha kufunika, sitasema kamwe. Nitakaa kwenye kiti chako nikiwa mzee, watoto wa Merdi wataambiwa jinsi nilivyompenda baba yangu, na mimi nitakuwa nimeanza kuamini.

Yaya Angèle, hapa ndipo nilipojua utasimama. Mahindi yalikuwa yako. Ulilima wewe, uliyapukuchua wewe, ukayatuma kwa ajili ya kitanda cha papa. Ukaja ukaona chumba kitupu, na sasa ninaamini ulielewa siku ile ile, kwa sababu wewe pia umekaa kwenye vilio vingi. Hukumwambia. Ulimwosha, ulimlisha, ulimlaza karibu na mlango wako umsikie akikohoa. Kisha akakuita ukae na kalamu, akakutamkia kwamba binti ametoa dawa lakini mtoto mwanaume ametoa nyumba, na wewe ukaandika. Hukubadilisha neno, hukubonyeza kalamu kwa hasira, herufi zimekaa sawasawa mpaka mwisho wa mstari. Nimeitazama sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyotazama picha za watoto wangu. Nakuomba msamaha, yaya. Sikuombi uniambie kwamba si kitu.

Papa, ninachokuomba ni hiki. Usiniwekee mkono tarehe 29. Kama ndugu zako wamekwisha kuondoka Bukama, waje, nitasimama mbele yao na kuwaeleza mwenyewe, na wakinitoza watanitoza. Nafasi yako mpe unayemwona anastahili, na kama ni mwanamke, mimi nitakuwa wa kwanza kuketi chini yake. Kitanda chako nimekiweka katika chumba changu cha kulala, upande wa mbele. Carmel na mimi tumehamia chumba chako cha nyuma, na mvua ikianza kabla hujatoa neno itatupata sisi.

Kuhusu paa, mwezi wa kwanza uliniambia la kufanya nikakubishia. Sasa nakuuliza kama nilivyopaswa kuuliza wakati ule. Nilipanda mwenyewe Alhamisi. Upande wa nyuma mbao tatu kidole kimezama mpaka kucha yote, mbili zimezama kidogo, nyingine bado ngumu. Mabati mabovu hayako manne tena, nimehesabu tisa. Yale membamba ya mbele misumari imekwisha kulegea mahali pawili, upepo ukipita yanapiga kelele. Je, turekebishe ao tubadilishe? Doudou hatapiga msumari mpaka neno lako lifike, nami sitaongeza la kwangu.

Yaya, ukimaliza kusoma usinipigie simu. Mpe papa muda, hata siku mbili. Kisha kaa na kalamu kama mara ile, uandike atakachosema, neno kwa neno, hata kama ni tusi. Na kama hasemi kitu, nakuomba usimtungie maneno ya kunifariji. Andika kwamba alikaa kimya, weka tarehe, umpe Nasoro. Nitaisoma hiyo pia.

Wasalimie watoto wote wa yaya na majirani waliokuja kukuangalia, papa, hasa yule mama anayekuletea samaki wa ziwani bila chumvi. Carmel anasema uvae sweta asubuhi. Mungu akulinde huko uliko, na alinde mikono inayokutunza.

Ni mimi, mtoto wako,

Joachim